Sura ya Sita: Vigae Ndani ya Udongo

Asubuhi hiyo Kupe hakuvaa sare. Alivaa gauni la maua, akatupia mtandio begani, akabeba kikapu kikubwa cha sokoni, akaingia kwenye uwanja wa maonyesho ya sanaa kwa mwendo wa mtu ambaye sebule yake haina pambo na wala hana haraka. Jina la Kupe alipewa na wenzake kituoni, na hawakumpa kwa mapenzi. Walikuwa wameona kwamba jalada likishaingia mikononi mwake habanduki, hata abembelezwe kwa maziwa au amwagiwe mafuta ya taa. Alikuwa inspekta, na katika miaka kumi na minne ya kazi alikuwa amegundua kwamba watu humwambia mteja mambo ambayo polisi hawezi kuyapata hata kwa hati ya mahakama.

Malalamiko yalikuwa yamefika kituoni saa moja. Mlalamikaji alikuwa mwenye duka kubwa la sanaa mjini, ambaye kila mtu alimwita Profesa, ingawa hakuna darasa lililowahi kumwona akishika chaki. Kwa maelezo yake, usiku mitungi yake sita ilitoweka stoo, na alfajiri akaikuta imepangwa kwenye kibanda namba kumi na saba, cha mama mmoja mfinyanzi aliyekuja maonyeshoni kwa mara ya kwanza. Mama huyo, alisema, alikuwa ameukwangua muhuri wake kitakoni ili kuficha wizi.

"Hiyo ni kesi ya dakika tano," mkuu wa kituo alimwambia Kupe. "Waandaaji wameshaandika karatasi. Mama atie saini, aombe radhi, arudishe mitungi, aende kwao. Saa tisa mgeni rasmi anakuja kumvisha Profesa nishani ya mfinyanzi bora. Sitaki makelele mbele ya wageni."

"Nimekusikia, afande," Kupe alijibu. Kusikia alisikia. Kutii hakuahidi.

Kibanda cha Profesa kilikuwa mbele kabisa, penye zulia na taa. Mitungi ilisimama kwenye meza zilizofunikwa kitambaa cheusi, kila mmoja juu ya pete ya ukindu, myekundu ya kung'aa, na begani imezungukwa na mistari iliyochorwa mithili ya mkeka. Ilikuwa mizuri, hilo halikuwa na ubishi. Profesa mwenyewe alikuwa mrefu, mwenye miwani na shati la kitani, na alimpokea Kupe kwa mikono miwili.

"Karibu dada, karibu. Kutazama ni bure."

"Nataka mtungi," Kupe alisema. "Lakini nimechoka kuuziwa vitu vya kiwandani. Hivi ni vya mkono kweli?"

Profesa alicheka, akamwonyesha viganja vyake. "Mkono huu na huu. Karakana ni yangu, mashine ya kuzungushia ni yangu, jasho ni langu."

Kupe alivitazama viganja. Kucha zilikuwa safi, zimekatwa vizuri, zimepakwa mafuta.

"Mbona ni laini hivi? Unatia nini?"

"Sitii kitu! Hapo ndipo wengine wanapokosea." Profesa aliinua kidole kimoja. "Udongo wangu nauchekecha mara saba, kwa chekeche la unga. Hutakuta mchanga, hutakuta kijiwe, hutakuta chochote. Udongo mtupu. Usafi ndio siri, dada yangu."

"Basi niandikie hayo kwenye risiti. Mume wangu ni mbishi, bila karatasi hataamini."

Profesa aliandika kwa furaha, na mwandiko wake ulikuwa wa madaha: mtungi mmoja, kazi ya mkono wangu, udongo mtupu uliochekechwa mara saba. Akatia saini. Kupe aliugeuza mtungi, akautazama muhuri wa kitakoni, duara lenye herufi mbili ndani. Alipopitisha ukucha kwenye mfereji wa herufi, vumbi la kijivu lilibaki kuchani. Aliufunga mtungi kwa mtandio wake, akaulaza kikapuni, akashukuru.

Getini alimkuta mlinzi akinywa chai. Kupe alimwonyesha kitambulisho, na chai ikawekwa chini.

"Imeandikwa kwenye maelezo yako kwamba ulimwona yule mama akiwa na maboksi alfajiri."

"Ndiyo, afande. Nilimwona kwa macho yangu."

"Akitoka wapi?"

"Akitoka… nje. Alishuka na mkokoteni, maboksi manane. Nilimsaidia mawili kuyashusha."

"Nje ya uwanja? Si stoo?"

"Stoo iko kule nyuma, afande. Na ufunguo anao katibu na Profesa. Mama huyu aliingia hapa getini saa kumi na mbili kasorobo. Nimemwandika daftarini."

"Mbona hukusema hivyo kwenye maelezo?"

Mlinzi alijikuna shingo. "Profesa aliniuliza, ulimwona na maboksi? Nikasema ndiyo. Akasema inatosha."

Kupe alilipiga picha daftari la geti, ukurasa mzima. Udongo uwahi ungali maji, marehemu baba yake alizoea kusema, na daftari la geti ni udongo unaokauka upesi sana mwenye ufunguo wa stoo akishajua kwamba umeuona.

Ofisi ya waandaaji ilikuwa chumba kimoja chenye meza ya chuma, viti vya plastiki na feni ya dari iliyokufa. Katibu wa maonyesho, mtu mnene mwenye tai na bunda la funguo kiunoni, alikuwa akijipepea kwa kalenda. Mbele yake, mgongo wima, alikaa mama wa miaka sitini na kitu, kitambaa kichwani, mikono minene yenye mipasuko iliyojaa udongo ambao hata sabuni haikuweza kuutoa. Mezani kulikuwa na karatasi moja na kidau cha wino wa kidole.

"Shikamoo mama," Kupe alisema, na akajitambulisha kwa cheo chake.

"Marahaba, mwanangu. Na wewe umekuja na wino? Maana huyu amenifungulia kidau tangu asubuhi, hata hakuniuliza kama najua kuandika."

Katibu alikohoa. "Tulidhani tu, mama…"

"Mlidhani. Mimi nimesoma mpaka la saba, na mwandiko wangu ulikuwa ukibandikwa ukutani." Aliivuta karatasi, akaisoma kwa sauti ya darasani. "'Mimi niliyetajwa hapo juu, kwa hiari yangu mwenyewe, ninakiri.' Hiari ipi? Tangu saa mbili nimefungiwa humu, hata chooni nasindikizwa. Na hapa mmeandika 'mitungi sita mali ya mlalamikaji.' Mitungi hiyo nilianza kuifinyanga baada ya mavuno. Huyo mlalamikaji alikuwa wapi nikikanyaga udongo?"

"Mama, sisi tunakusaidia," katibu alisema. "Usipotia saini utalala ndani. Mitungi yako yote arobaini itazuiliwa kama vidhibiti, na jina lako litapelekwa kwenye kila maonyesho nchini. Hutauza tena popote. Ukitia saini, unarudisha sita tu, unaenda zako na thelathini na nne. Hesabu hiyo ni ngumu?"

"Izuieni arobaini. Nizuieni na mimi. Lakini mtungi nimeufinyanga kwa mikono yangu, halafu nikiri nimeuiba? Hiyo saini hamtaipata hata mkinining'iniza kwenye hiyo feni yenu isiyozunguka."

Kupe alijikuta anampenda mama huyu, akajionya. Mwizi naye hujua kusema vizuri. Alivuta kiti, akafungua daftari.

"Mama, nitakuuliza kama polisi, usikasirike. Maboksi yako yameandikwa jina la duka la Profesa, makubwa kabisa, ubavuni. Umeyapata wapi?"

Kwa mara ya kwanza mama alisita, na katibu alitabasamu.

"Ni ya mkwe wangu," mama alisema. "Aliyemwoa binti yangu wa kwanza. Miaka saba sasa yeye ndiye anayeniuzia. Namjazia maboksi, anapeleka stendi, anapakia kwenye basi. Akirudi ananirudishia maboksi matupu, tunayatumia tena. Ananiambia anapeleka kwenye hoteli za mbali."

"Na jina la duka? Hukuuliza?"

"Niliuliza. Alisema ni maboksi aliyookota. Boksi ni boksi, mwanangu. La soda unaweza kubebea vitabu."

"Mbona safari hii umekuja mwenyewe?"

"Kwa sababu mtungi mpya haujazwi maji siku ya kwanza ukawekwa juani. Hulowekwa kwanza kivulini, siku tatu. Miaka saba nauza kwa watu nisiowaona, na hakuna anayewaambia hivyo. Nilitaka kuwaona, niwaambie mwenyewe."

Jibu hilo lilikuwa la kijinga mno kuwa la kutungwa. Kupe aliliandika kama lilivyo. Kisha akamtuma katibu kumleta Profesa, pamoja na mitungi sita na boksi moja.

Profesa aliingia akiwa ameshavaa koti la nishani. Alipomwona mteja wake wa asubuhi amekaa na daftari la polisi, uso ulimbadilika kidogo, ukarudi mahali pake.

"Ah, dada! Kumbe ni afande. Ungesema, ningekupunguzia bei."

"Ndiyo maana sikusema. Unadai mama huyu aliukwangua muhuri wako kwenye mitungi hii sita?"

"Bila shaka. Angalia vitako, vitupu."

"Mama, nikitaka kujua kama kitako kimekwanguliwa nifanye nini?"

Mfinyanzi hakujibu kwa mdomo. Alitoa kisu kidogo kwenye pindo la nguo yake, katibu akaruka hatua moja nyuma, naye akauchukua mmoja wa ile mitungi sita, akakwangua sehemu ndogo kitakoni. Ngozi nyekundu ilitoka, na chini yake ukaonekana udongo wa kijivu kilichokolea.

"Moto wa kuni hauli mtungi mpaka ndani," alisema. "Nje mwekundu, katikati kijivu. Ukikwangua, kijivu kinatoka, na huwezi kukifuta hata ukipaka rangi. Sasa nitafutieni kijivu kwenye hiyo mitano mingine."

Kupe aligeuza mitano, mmoja baada ya mwingine, akaivutia dirishani. Vitako vilikuwa vyekundu vyote, na madoa meusi ya moshi juu yake, hapana mkwaruzo. Kisha akautoa mtungi wake kikapuni, akauonyesha muhuri wa Profesa. Ndani ya duara na ndani ya herufi zote mbili, mfereji ulikuwa wa kijivu.

"Huu umechongwa mtungi ukiwa umeshachomwa," Kupe alisema. "Kwa hiyo hakuna aliyeondoa muhuri kwenye mitungi ya mama. Kuna aliyeongeza muhuri kwenye huu."

"Ndio mtindo wangu," Profesa alisema upesi. "Mimi hupiga muhuri mwishoni. Kila msanii ana njia yake. Na maboksi je? Maboksi yanasemaje?"

"Maboksi yanasema mengi, tuyasikilize."

Boksi lilikuwa na karatasi ya gundi ya mizigo ya basi, mpya, ya safari ya juzi, yenye jina la mama. Lakini karatasi hiyo ilikuwa nene kuliko kawaida, na Kupe alikuwa amefanya kazi stendi miaka miwili. Wapakiaji wa mizigo hawana muda wa kubandua. Hubandika mpya juu ya zamani. Aliingiza ukucha pembeni, akaibandua ya juu polepole. Chini yake palikuwa na nyingine. Chini ya hiyo, nyingine tena. Alizipanga mezani, tano, wino umefifia lakini unasomeka.

"'Mwezi wa tisa mwaka jana,'" alisoma. "'Vilivyomo, mitungi. Tahadhari, huvunjika. Mpokeaji, Profesa, duka la sanaa.' Hii ya mwezi wa nne, mpokeaji yuleyule. Hii ya mwaka juzi. Wizi wa jana usiku, Profesa, na mizigo ya mwaka juzi. Mwizi wako ana mbio za kurudi nyuma."

Katibu aliacha kujipepea.

Mama alikuwa amezivuta zile karatasi karibu. Hakusoma jina la mpokeaji. Alisoma jina la mtumaji, akarudia kulisoma kwenye ya pili, na ya tatu, kidole chake kikipita chini ya kila herufi. Lilikuwa jina la mkwe wake, kwa mwandiko wa mkwe wake. Hakulia. Alizirudisha karatasi mahali zilipokuwa, akazinyoosha.

"Hoteli za mbali," alisema.

Simu ya Kupe ililia. Mkuu wa kituo. "Umemaliza? Saa saba na nusu sasa."

"Bado kidogo, afande. Nimenunua mtungi, nataka kujua kama nimepunjwa."

"Umenunua nini?" sauti iliuliza, na Kupe akaizima simu, akijua fika kwamba kuizima kutamgharimu barua ya onyo. Alikuwa nazo tatu nyumbani, kwenye droo moja na vitufe vya kushonea.

Profesa alikuwa ameshapata pumzi. "Sawa, sikatai, niliwahi kuagiza mitungi michache ya aina hiyo. Ya mapambo ya dukani. Lakini iliyo kibandani kwangu ni kazi yangu, na huo uliokuwa mkononi mwako ni kazi yangu. Mitungi hufanana, afande. Udongo ni udongo."

"Udongo ni udongo," Kupe alikubali. Alichana kurasa mbili za daftari, akampa kila mmoja moja. "Basi kila mtu aandike udongo wake una nini ndani. Msiongee, msitazamane. Mkimaliza mtie saini, katibu atie saini kama shahidi. Mimi karatasi sitazisoma kwanza."

Profesa aliandika mstari mmoja. Aliandika kwa haraka, maana jibu lake lilikuwa tayari kwenye risiti, na mtu hawezi kukana risiti yake. Mama aliandika mistari minne, kwa herufi za mviringo zilizolala upande mmoja. Katibu alitia saini zote mbili huku jasho likimdondokea mezani.

Kisha Kupe aliuinua mtungi wake kwa mikono miwili.

"Afande, subiri!" Profesa alisimama. "Hiyo ni kazi ya sanaa!"

"Ni kazi ya sanaa, lakini ni yangu. Nina risiti."

Aliuachia. Mtungi uligonga sakafu ya saruji, na mlio wake ukawaleta watu mlangoni. Mama alifumba macho. Mtungi ni mtungi hata ukiwa mikononi mwa mwongo. Kupe alichutama, akaokota kipande kikubwa, akakipeleka dirishani penye mwanga. Nje chekundu, katikati kijivu, na ndani ya kile kijivu, kila mahali, punje nyeupe, ndogo kama chumvi ya mawe.

"Sasa tusome," alisema, akampa katibu karatasi ya kwanza.

"'Udongo mtupu,'" katibu alisoma, "'uliochekechwa mara saba, hauna kitu kingine chochote.' Sahihi ya Profesa."

"Ya pili."

Katibu alikohoa. "'Udongo wa bondeni, mwekundu, ndoo tatu. Vigae vilivyotwangwa, ndoo moja. Vigae ni vya mitungi ya marehemu mama yangu, aliyefinyanga kwa udongo mweupe wa kwao, kabla machimbo hayajafukiwa chini ya barabara. Ukivunja mtungi wangu utaona weupe wake, na hakuna mwingine mwenye vigae hivyo, kwa sababu lundo liko nyuma ya nyumba yangu.'"

Watu wa mlangoni walinong'ona. Kupe alikiweka kipande mezani, juu ya risiti, akamgeukia mfinyanzi.

"Mama, mtu akichekecha udongo mara saba, asitie chochote, akauchoma kwa kuni. Anapata nini?"

"Anapata kelele," mama alisema. "Unapasuka wote, hata mmoja hautoki. Udongo bila vigae hauna pa kupumulia. Hilo anajua mtoto wa miaka sita aliyewahi kukaa karibu na tanuru. Huyu hajawahi kukaa."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Profesa ilikuwa imeishia kwenye sifa aliyojipa mwenyewe. Alivua miwani, akaifuta. Alipoongea tena, ule upole wa kuuzia vitu haukuwepo.

"Haya. Nilinunua. Nilinunua kihalali kwa mkwe wake, miaka saba. Kununua si kosa."

"Kununua si kosa," Kupe alisema. "Kumwandikia mnunuzi risiti ya uongo ni kosa, na mnunuzi ni mimi. Kutoa taarifa ya uongo polisi ili mtu afungwe ni kosa kubwa zaidi. Mama huyu alipopanga mitungi yake hapa, mtu yeyote angeuona ukweli kwa kulinganisha vibanda viwili. Ulitaka awe ametoka uwanjani kabla nishani haijafika."

"Na wewe unataka nini?" Profesa hakumjibu Kupe. Alimwinamia mama, akashusha sauti. "Mama, fikiri. Ukinishitaki, mimi nitamtaja mkweo mahakamani. Aliniuzia akiniambia ni kazi yake, na hati ya mauzo akaitia saini. Tutaingia ndani wote wawili. Yule ni baba wa wajukuu wako. Wangapi? Watatu?"

"Wanne," mama alisema.

Kupe hakuingilia. Hapo upelelezi wake ulikuwa umefika ukingoni. Bila maelezo ya mwenye mitungi, alichokuwa nacho ni kigae kimoja na risiti ya mteja aliyekereka, na mkuu wa kituo angeviweka kwenye droo kabla ya chai ya saa kumi.

Katibu aliona upenyo, akaukimbilia. Aliichana ile karatasi ya kuomba radhi vipande vipande mbele ya watu wote, akatabasamu. "Yameisha! Hakuna mwizi, hakuna kesi. Mama, chukua mitungi yako arobaini, nitakupa kibanda cha mbele, penye zulia. Haya ya mkwe ni ya ndani. Mnaenda kuyamalizia nyumbani, kifamilia. Wahenga walisema, ng'ombe haelemewi na nunduze."

Mama alimgeukia katibu.

"Miaka sitini na tatu nimeona ng'ombe," alisema. "Sijapata kuona nundu inayomkamua ng'ombe halafu ikaenda kuuza maziwa."

Mtu mmoja mlangoni aliangua kicheko, akanyamazishwa. Mama alikisogeza kile kidau cha wino mpaka ukingoni mwa meza, akamkabili Kupe.

"Nikisema, utaandika?"

"Nitaandika, mama. Kila neno. Lakini lazima nikwambie: nikishaandika sitafuta. Nitamkamata na yeye, leo hii, pengine mbele ya wanawe. Binti yako anaweza asikusamehe."

"Binti yangu atalia," mama alisema. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na hakuyafuta, wala hakuyaficha. "Atanifungia mlango. Wajukuu watafundishwa kunipita njiani bila salamu. Nayajua yote hayo, usidhani siyajui. Lakini mama yangu alizikwa na watu wakidhani alikuwa mchota maji tu, na weupe wake uko kwenye sebule za watu, umechongwa herufi za mwanamume huyu. Kama nikinyamaza leo, nitakuwa nimemuuza mimi."

Nje, spika za uwanja zilianza kutangaza kwamba msafara wa mgeni rasmi umekaribia, na kwamba mshindi wa nishani anaombwa jukwaani. Profesa alipiga hatua kuelekea mlangoni. Watu waliojaa pale hawakumpisha.

Kupe alifungua ukurasa mpya, akaandika tarehe na saa.

"Tuanze na jina la mkweo," alisema.

Mama alilitaja. Alilitaja lote, lake na la baba yake na la babu yake, kwa sauti iliyofika mpaka nje, kisha akamwambia Kupe amsomee alichoandika, asije akawa amekosea hata herufi moja.